Birika Lisilokuwemo Kwenye Mchoro

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni, na ninayotaka kusema leo sitaki mtu ayasikie nusu, halafu nusu nyingine ajijazie mwenyewe. Dada mkubwa, acha kunikunjia shuka, keti. Wewe Fundi Bomba, zima hiyo simu. Mabomba ya watu yatavuja mpaka kesho na hakuna atakayezama. Na wewe mkwe wangu, usikae pale karibu na mlango kama mgeni anayengoja ruhusa ya kuondoka. Njoo hapa kitandani, na binti yako akae pembeni yako. Najua mmefika juzi tu, na najua ni Dada mkubwa aliyewaita, si mimi. Ilipasa niwe mimi, tena zamani.

Tuanze na nyumba ili tuimalize. Vyumba viwili vya mbele ni vya Dada mkubwa, aliyenilisha na kuniosha miaka miwili bila kununa. Cha uani pamoja na karakana ni vya Fundi Bomba. Chumba cha kati, ambacho mmezoea kukiita stoo, si stoo. Ni chumba cha marehemu kaka yenu, na kuanzia leo ni cha mkewe na binti yake, wakitaka wakae, wakitaka wapangishe. Karatasi ziko kwa wakili. Mtu asije akasema mzee alikuwa amechanganyikiwa, maana akili yangu iko sawasawa, ni mapafu tu yaliyonigomea.

Sasa tuje kwenye maboksi. Najua mnavyonong'ona juu yake, na najua Miwani, yule mkusanyaji anayekuja hapa kila mwezi kunijulia hali huku macho yake yakiwa kwenye rafu, amewaambia kwamba mle ndani mna mali. Anasema kweli, ila hajui kwa nini. Fundi Bomba, mwaka juzi ulimuuzia boksi moja bila kuniambia, ukadhani sijahesabu. Nilihesabu. Nilipokuzaba kofi sikukasirikia bei uliyopata, nilikasirika kwamba hukujua umeuza nini, na hilo kosa ni langu, kwa sababu sikuwahi kukueleza.

Mjukuu wangu, wewe hukukulia humu, kwa hiyo nikueleze. Miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika kiwanda cha modeli za plastiki, zile ndege na magari na magarimoshi madogo yanayokuja vipande vipande ndani ya boksi, mtu akavikata, akavibandika kwa gundi, akavipaka rangi. Nilikuwa mkuu wa idara ya kalibu. Kalibu ni vile vyuma viwili vizito vinavyofumbatana, plastiki ya moto ikasukumwa katikati, ikapoa, ikatoka ikiwa na sura ya kile kilichochongwa ndani ya chuma. Kalibu moja ikitunzwa huzaa miaka hamsini. Kiwanda kinaweza kufa, kalibu ikauzwa, mwenye kununua akaitia mashineni tena, akachapisha boksi jipya, akauza kitu kile kile kwa jina jingine. Ndiyo maana mle kwenye rafu kuna garimoshi moja tu, lakini matoleo manne.

Na matoleo hayalingani, hilo mlishike, kwa sababu nikishaondoka mtakuja kudanganywa na picha za juu ya boksi. Toleo la kwanza lina boksi baya, kadibodi nyembamba, wino umepauka, na stika zake zimekuwa za manjano, ukizilowesha zinakatika kama majivu. Lakini fungua ndani uone. Ribiti za kwenye tangi, vile vichwa vidogo vya misumari, zote mia mbili na kidogo unazihesabu kwa ukucha, na vipande vinakutana bila kulazimishwa. Toleo la pili ni la kiwanda chetu pia, mwaka uliofuata, plastiki yake nzuri kuliko zote, na kama mtu anataka kuunganisha garimoshi akalifurahia, mpeni hilo. Wakusanyaji hawalitaki, nitawaambia kwa nini baadaye kidogo. La tatu ni la kampuni iliyonunua kalibu zetu baada ya kiwanda kufungwa. Boksi lake linang'aa, limechorwa na mtu anayejua kuchora, na ndani yake ni aibu tupu: kalibu haikusafishwa, plastiki imevuja pembeni ikaacha utando kama ukoko, magurudumu yana mabonde, na paa la kibanda cha dereva halikai mpaka ulikwangue. Watu wengi walilinunua kwa boksi. La nne ni la mwaka jana, na hilo nitalifikia.

Miwani hulipa toleo la kwanza bei ya pikipiki, la pili bei ya viatu. Tofauti ni nini? Ni birika. Toleo la kwanza, ndani ya kibanda cha dereva, kando ya mlango wa tanuri, lina birika la chai dogo kuliko punje ya mchele, lina mdomo, lina mpini, na kifuniko chake kimekaa upande kidogo. Matoleo yaliyofuata hayana. Wakusanyaji wanaliita toleo la birika, na kila mmoja ana hadithi yake, huyu anasema lilikuwa mzaha wa wachongaji, huyu anasema ni alama ya siri ya kiwanda.

Aliyelichonga ni kaka yenu. Garimoshi lote alilichonga yeye. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, chini yangu pale idarani, na mkono wake ulikuwa umenipita mimi na wote walionifundisha. Mama yenu alikuwa akituletea chai kiwandani kila siku saa nne, birika lile la bati ambalo kifuniko chake hakikuwahi kukaa sawa. Kazi ya garimoshi ilipofika kwenye kibanda, mama yenu alifariki. Wiki moja tulikaa nyumbani, ya pili tukarudi kazini, na hatukuzungumza habari zake, mimi na kaka yenu, hata neno moja. Mimi sikuweza. Yeye akachonga.

Mimi niliona siku ya majaribio, kipande cha kwanza kilipotoka kikiwa bado cha moto. Nililitambua birika lile kabla sijavaa miwani. Nilikitia kile kipande mfukoni, nikaenda chooni nikalia, nikarudi nikawaambia washeni mashine.

Baada ya miezi meneja akaliona. Akaja idarani na mchoro mkononi, akaniambia, "Mzee, hiki kidude hakimo kwenye mchoro. Ukipata nafasi, kiondoe."

Kwa miaka thelathini nimewaambia kwamba meneja alinilazimisha. Dada mkubwa, wewe hata ulikataa kumsalimia mke wake sokoni kwa ajili hiyo. Leo nataka mjue kwamba hakunilazimisha. Alisema ukipata nafasi. Wiki mbili baadaye alihamia kazi nyingine, na hakuna mtu mwingine pale kiwandani aliyejua wala aliyejali. Ningeliacha, lingebaki. Lakini nilikuwa mtu wa kuogopa, nilitaka nionekane mkuu wa idara anayetii, na pengine, hili nalisema kwa shida, nilikuwa sitaki kuliona kila siku. Nikachomelea lile tundu la birika kwenye chuma, nikalisawazisha kwa tupa mpaka kidole hakisikii chochote. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Kaka yenu alikuja akainamia kalibu. Akapitisha kidole pale. Akaniuliza, "Nani?"

Nikamwambia, "Mimi. Halikuwemo kwenye mchoro."

Hakupiga kelele. Alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akasema, "Kumbe mama naye hayumo kwenye mchoro." Akatoka. Fundi Bomba, ulikuwa darasa la tatu, unakumbuka ulimwona akifunga begi ukamuuliza anakwenda wapi, akakwambia anakwenda kununua patasi.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Tangu hapo nikawa nanunua kila toleo linalotoka. Mlidhani ni uzee, mlidhani nakusanya. Nilikuwa naangalia kibanda. La tatu lilipokuja nilikikwangua kile kipande mpaka nikakitoboa, nikitumaini. Hakuna kitu. Mwaka jana kampuni nyingine ikanunua kalibu, ikazisafisha vizuri kwa dawa kali, na dawa ile ikakitoa kile kiraka changu. Dada mkubwa aliniletea boksi kutoka dukani, akaona nimekikamata kile kipande dirishani, nimekaa nacho asubuhi nzima, akaniuliza kama naumwa. Birika limerudi, wanangu, lakini halina mpini wala mdomo. Limekuwa uvimbe tu, kama chunjua. Mtu asiyejua ataona ni kasoro ya plastiki, atalikata kwa kisu atupe. Miwani mwenyewe ameliona akasema ni kasoro, akasema toleo hili halina thamani. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshazoea kunyamaza.

Sasa mkwe wangu, hili ni lako, na ukitaka kuondoka baada ya kulisikia sitakulaumu. Siku ya msiba niliwaambia wote kwamba sikujua alipo, wala kama ana mke, wala kama ana mtoto. Nilijua. Miezi minane kabla hajafa, mtu mmoja aliyetengenezewa meno alinieleza habari za fundi wa meno ya bandia katika mji wenu, kijana mwenye mkono usio wa kawaida, anayechonga jino ukadhani umezaliwa nalo. Nikajua ni yeye. Nikapanda basi, saa sita safarini, nimebeba boksi moja la toleo la kwanza, ambalo halijafunguliwa, limefungwa kwenye gazeti. Nikaupata mtaa, nikalipata duka, lina dirisha kubwa la kioo na meno yamepangwa kwenye trei. Nilisimama ng'ambo, mbele ya duka la vitambaa. Alikuwa amevaa koti jeupe, amenenepa kidogo, anamwonyesha bibi mmoja kioo, bibi anajaribu kutabasamu, na kaka yenu anacheka. Alikuwa anacheka kama zamani, bega moja likipanda. Halafu wewe ukaingia, na mtoto mgongoni, na chakula kwenye mfuko, naye akamwinamia mtoto akamshika kisigino.

Niliogopa. Nilijiambia, nikivuka barabara hii, kicheko kile kitakatika. Nikasema nitarudi siku nyingine, nikiwa nimejipanga maneno. Mwuza vitambaa akaniuliza, "Baba, unatafuta rangi gani?" Nikamwambia sitafuti kitu. Nikarudi na boksi langu mpaka stendi.

Siku nyingine ndiyo ile mliyopigiwa simu mkaambiwa ni mapafu, na tayari amezikwa. Mapafu, kama haya yangu.

Mkwe wangu, usinishike mkono kama hujanisamehe. Au nishike hivyo hivyo, mimi sina la kuchagua. Sikuja mlangoni kwako miaka ishirini kwa sababu ningelazimika kukutazama usoni na uongo huu kinywani, na ukaachwa ulee mtoto peke yako kwa ajili ya aibu ya mzee. Sikuombi usahau.

Dada mkubwa, andika, sitasema tena. Maboksi ya toleo la kwanza yamebaki matatu. Moja lako, moja la Fundi Bomba, uzeni mkitaka, lakini yeyote atakayenunua aambiwe kwanza nani alilichonga, na birika lile ni la nani, na nani alilifuta. Jina la kaka yenu liandikwe vizuri, kwa barua, lipelekwe kwa Miwani na wenzake, wana kitabu chao cha matoleo na bei, waliingize humo, na langu waliweke pale panapostahili. Mke wa meneja kama yu hai, mtafute, mwombe radhi kwa niaba yangu. Mimi nizikeni karibu na mama yenu, bila hotuba.

Nawaombea heri, nyote. Mungu awape mikono isiyotetemeka na vinywa visivyoogopa. Mkikosana, mkosane mchana kweupe na mpatane kabla chakula hakijapoa, msiachie siku nyingine, hiyo siku nyingine mimi naijua. Fundi Bomba, nisamehe kwa lile kofi la boksi. Dada mkubwa, umenizidi kila kitu. Mkwe wangu, Mungu akulipe nilichokunyima.

Mjukuu. Lile boksi la tatu lililobaki liko chini ya kitanda, limefungwa gazeti. Ndilo lile nililosafiri nalo. Toa... ndiyo, hilo. Baba yako ndiye aliyepaswa kulipokea. Chana nailoni. Usimtazame mjomba... baba yako mdogo, najua anafikiria bei, mwache afikirie. Likishafunguliwa halina bei, na mimi ndivyo ninavyotaka. Chana.

Unasikia harufu hiyo? Ni ya kiwandani kwetu. Vipande vya kijivu ndivyo vya kuanzia, vile vya magurudumu. Usivivunje kwa mkono, kata kwa mkasi... karibu na... halafu usugue polepole. Nimechoka kidogo. Nafumba macho tu, sijalala. Kata cha kwanza, mama. Ndiyo. Na kingine.

Endelea. Nakusikia.