Begi la Kinyozi Halikatiki

Kwenye benchi la nje ya duka la Kinyozi, kahawa huanza kumiminwa kabla mkasi haujashikwa, na mwenye shida ndogo akiketi hapo huondoka na kubwa. Wiki hii mwenye shida alikuwa Kinyozi mwenyewe. Jumamosi alikuwa anakwenda kupanda mlima na kulala kwenye hema na bintiye, muuguzi. Mara ya mwisho ilikuwa miaka minne nyuma. Mkanda wa begi lake ulikatika njiani, wakarudi nyumbani bila kusemezana, na hakualikwa tena. Sasa amealikwa. Akanunua begi jipya la mgongoni, zuri tu, kisha akafanya kosa la kulileta kijiweni.

— Mshono wa kiwandani ni mapambo, alisema Sindano, fundi viatu. Mkanda hukatikia hapa begani. Niachie mimi.

Akapiga mishono saba kila bega, na kwenye kitako akatia mpira wa tairi.

— Na mvua je? aliuliza Breki, dereva mstaafu. Nimebeba saruji miaka thelathini, haikulowa hata mfuko. Dawa ni turubai.

— La lori? aliuliza Kinyozi.

— Kwani kuna jingine?

Likavishwa turubai. Cheche, mchomeleaji, akalibonyeza begi kwa kidole.

— Nyie mnashona nguo, alisema. Begi bila mifupa ni gunia. Tutie nondo.

— Mbili zatosha? aliuliza Kinyozi.

— Nne. Ukianguka nalo, halipindi.

— Na mimi je?

— Wewe utapona. Nondo ikipinda imepinda.

Kinyozi alicheka nao, lakini kila usiku alikuwa akiuona ule mkanda ukikatika. Kila walipoongeza kitu, roho ilitulia kidogo. Alhamisi walilijaza matofali, wakalitundika kwenye boriti. Likakaa kutwa. Breki akaning'inia juu yake, kikombe mkononi.

— Hili tembo akilikalia, atainuka aombe radhi.

— Hili wajukuu wataligombania kwenye urithi, aliongeza Sindano.

Ijumaa alasiri binti alipita akitoka zamu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Njoo uone kazi.

Akalizunguka begi mara moja, akaligusa kwa ncha ya kiatu. Halikusogea.

— Baba, hili likiwa tupu lina uzito gani?

Sindano akamtazama Breki, Breki akamtazama Cheche, Cheche akaona kitu ndani ya kikombe chake. Hakuna aliyekuwa amepima.

Kinyozi akapitisha mikono kwenye mikanda na kuinuka. Magoti yakakataa. Akaketi taratibu, kama mtu aliyekusudia kuketi.

— Angalau halikatiki, alisema kwa sauti ya chini. Naogopa turudi tena kwa sababu yangu, halafu usiniite tena.

Binti akamvua begi, bega moja baada ya jingine.

— Ule mkanda haukukatika, baba. Niliukata mimi.

— Wewe?

— Ulikuwa unahema, midomo imebadilika rangi, na kila nikisema turudi unasema bado kidogo. Ulipofumba macho kupumzika, nikatoa kisu. Nimeogopa kukualika miaka yote hii.

Kinyozi akalipa begi mgongo.

— Na kesho?

— Kesho utakapochoka, hapo hapo tunapiga hema. Nabeba mimi.

Kinyozi akaingia dukani kutafuta mfuko wowote wa kutia sweta.