Bibi Fébronie Habonimana na Fereti Wake Watatu

Ndugu waombolezaji, mliopata viti na ninyi mliosimama huko mlangoni na makoti yenu, familia imemchagua Arakaza, mjukuu wa marehemu, awasomee maisha ya bibi yake, si kwa ajili ya elimu, maana shule aliiacha kidato cha pili na shule haikumlilia, bali kwa sababu sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti, na kwa sababu mambo ya mwisho ya historia hii yalitokea jikoni, na jikoni walikuwa wawili tu.

Marehemu Fébronie Habonimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Bukemba, mkoa wa Rutana, nchini Burundi, akafuatiwa na wadogo zake wawili, Anésie na Gloriose, ambao aliwabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine mpaka mwenyewe akawa na mwendo wa kuinama. Alisoma shule ya masista kuanzia mwaka 1959 hadi 1963, akaishia darasa la nne, na kutoka huko alileta kitu kimoja, mwandiko, kwa maana jina lake aliliandika kwa herufi za kulala, nzuri hata maofisa wa uhamiaji waliita wenzao waje kuangalia.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na seremala Adrien, wakajaliwa watoto wanne, watatu wakawazika wangali wadogo, akabaki Elvire, mama wa msomaji wenu. Oktoba 1993 walikimbilia Tanzania, kambi ya Mtabila, na Adrien alifia huko mwaka 1996, viti alivyotengeneza vikaendelea kukaliwa na watu wasiomjua. Hatimaye, tarehe 17 Mei 2005, marehemu na Elvire walifika Sydney, wakapanga Rooty Hill, na Arakaza akabaki kambini na bibi zake wadogo, kwa kosa lake mwenyewe, kwa sababu siku ya usaili alitoroka kwenda Kasulu kucheza mpira, akafunga mabao mawili, akarudi na kukuta jina lake limekatwa. Mabao yenyewe yalikuwa mazuri.

Septemba 2005 marehemu aliajiriwa chumba cha kufulia katika nyumba ya wazee hapo hapo Rooty Hill, ambako nesi Shirleen Mbula, Mkenya, alimfundisha mashine na kumtania kwamba anakunja mashuka kama anayafungia safari. Kila Alhamisi mama mmoja wa Kizungu, Bi. Noelene, alileta wanyama ili wazee wawapapase, kutoka kituo chake cha kuokoa wanyama nje ya St Marys, na miongoni mwao walikuwa fereti, wanyama warefu wembamba, jamaa za kicheche na wenye harufu ya ukoo huo. Mmoja wao, kipofu, mguu wa nyuma ukiburuzika, alipanda kwenye aproni ya marehemu akalala, na Bi. Noelene akamweleza kwamba huyo hachukuliwi na mtu, ni mgonjwa, atakaa kituoni mpaka mwisho wa maisha yake, hahamishwi tena, ila mtu anaweza kumdhamini kwa kutoa kidogo kila mwezi, na kwa kuwa alitupwa kwenye boksi bila jina, mdhamini ndiye atakayempa.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, na mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa, kwa sababu Mrundi akitoa jina anatoa ombi, anamwambia Mungu jambo lake kila anapomwita mtoto. Marehemu alisikia kwamba kiumbe huyu ana makao ambamo hakuna wa kumwondoa, na moyo wake ukiwa Mtabila kwa mjukuu asiye na karatasi, akajaza fomu tarehe 23 Februari 2006, na kwenye mstari wa jina akaandika Arakaza. Kipofu, kilema, ananuka, na waliowaona wote wawili wanasema wamefanana.

Tarehe 30 Novemba 2006 Arakaza mwenye miguu mizima akatua Sydney, viza mkononi. Marehemu alipiga magoti pale uwanja wa ndege, na Januari iliyofuata, bila kumwuliza mtu, akadhamini fereti wengine wawili waliokuwa wagonjwa, akawaita Anésie na Gloriose, ili wadogo zake nao waje. Shirleen peke yake ndiye aliyemwonya, akamwambia, "Mama Elvire, hao wanyama ni wa kufa leo au kesho, mbona unawapa majina ya watu wazima?" Marehemu akamjibu, "Wa kwanza ameniletea mtoto, nesi, wewe kunja mashuka."

Fereti Anésie alikufa tarehe 9 Juni 2007, na siku tisa baadaye simu ilikuja kutoka kambini, Anésie dada mtu ameanguka kisimani na hakuamka. Fereti Gloriose alikufa mkesha wa Pasaka, tarehe 22 Machi 2008, na marehemu hakwenda kanisani, alikaa karibu na simu kwa siku kumi na moja mpaka ikalia, na kabla hajaambiwa neno alisema, "Najua, ni Gloriose." Kuanzia hapo hakutamka tena jina la mjukuu wake ndani ya nyumba, alimwita "wewe", na msomaji wenu, ambaye alikuwa ameanza kuendesha foklifti kwenye ghala la St Marys na kujiona hana wa kumtisha, alilichukulia jambo hilo kama mzaha, akawa anaingia mlangoni akibweka na kuchechemea kama yule fereti ili bibi acheke. Hakucheka hata mara moja.

Juni 2009 Bi. Noelene alileta habari kwamba fereti Arakaza ameacha kula. Marehemu aliporudi kutoka kazini hakuvua koti, alikuja akasimama mezani kuangalia sahani ya mjukuu wake, na jioni zote zilizofuata alisimama hivyo hivyo. Akamkataza kuendesha gari, akaficha funguo kwenye gunia la mchele, akamwomba aache foklifti, na Arakaza akamwambia, "Bibi, come on, yule ni fereti, mimi leo nimeinua tani mbili kwa kidole." Akajibiwa, "Nyamaza, kula."

Kisha tarehe 27 Juni aliamka mchangamfu, akapanda treni peke yake mpaka St Marys, akarudi mchana akampa mjukuu funguo zake, akamwambia, "Haya, Arakaza, nenda kaendeshe." Jina lake, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi. Mjukuu aliona bibi amepona woga, akajisifu kwa rafiki zake kwamba ni yeye aliyemponya. Hakuona kwamba sasa sahani isiyomalizwa ilikuwa ya bibi.

Jumamosi tarehe 1 Agosti 2009 simu ililia nyumbani, Arakaza akaipokea, na sauti ya Kizungu ikasema kwa huzuni kwamba Fébronie amefariki asubuhi ile. Arakaza akasema, "Umekosea namba, mama, Fébronie yupo hapa jikoni anamenya viazi," akakata, akicheka. Marehemu akauliza ni nani, akaambiwa ni mzungu fulani kachanganyikiwa, akauliza, "Amesema saa ngapi?" kisha akaweka kisu chini, akanawa mikono, akaenda kubadilisha nguo.

Marehemu alikuwa na tatizo la moyo ambalo madaktari walilijua tangu mwaka 2006, na karatasi zao zinasema hivyo, na familia inaziheshimu. Alilazwa tarehe 6 Agosti, akafariki tarehe 11 Agosti 2009, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Arakaza alikwenda kituoni kutoa taarifa, akaonyeshwa ubao uliokuwa juu ya banda la yule fereti kipofu, jina lake limefutwa kwa kitambaa, na juu yake, kwa wino mweusi, herufi za kulala zile zile za masista: Fébronie.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, Shirleen na wenzake wa shifti, majirani wa Rooty Hill walioleta chakula, Warundi wa Merrylands na waimbaji, na Bi. Noelene, aliyekaa kiti cha tatu pale, na yeyote kati yenu anayenong'ona kwamba huyo mama ndiye aliyeleta balaa amtafute msomaji wenu kwenye maegesho baada ya ibada.

Bi. Noelene ameleta fomu ya fereti mpya, kiziwi, aliyetupwa bila jina. Familia itamdhamini, na mstari wa jina utabaki wazi, hivyo wote mlioanza kupendekeza majina tangu jana, rudini nayo nyumbani.

Bibi, Arakaza amekula asubuhi hii, amemaliza sahani. Lala sasa, upumzike kwa amani.