Mwalimu Simaloi Lemburis: Jambo Aliloomba Lisomwe

Baba mchungaji, wazee wetu, walimu na majirani mliotoka Sokon One kuzika pamoja nasi: nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu. Karatasi mliyo nayo mkononi ni hii hii ninayoisoma. Hakuna kilichopunguzwa.

Marehemu Simaloi alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa Ilkiding'a, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Lemburis Sakaya na mama Fransiska. Utotoni alichunga ndama wa baba. Nyumbani tulizungumza Kimaasai tu. Kiswahili alikikuta darasa la kwanza, na Kiingereza hakukisikia kikizungumzwa mpaka kidato cha kwanza, mwaka 2004. Akakipenda kuliko sisi wote. Mwaka 2010 alijiunga na chuo kikuu Dodoma, akahitimu ualimu mwaka 2013, na kwa miaka minne alifundisha Kiingereza sekondari hapa Arusha.

Mapema mwaka 2018 alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika chekechea moja nchini Thailand. Alipohojiwa kwa video alisema amekizungumza Kiingereza tangu utotoni. Haikuwa kweli, na tangu siku hiyo aliishi kwa hofu ya kugundulika. Usharika ulimwombea, akina mama wakamvika shuka, akaondoka tarehe 8 Mei.

Wiki ya kwanza ilimshinda. Alikuwa amezoea wanafunzi wa kidato cha tatu. Sasa alikuwa na watoto ishirini wa miaka minne, ambao wengine walilia walipomwona. Aliandika sentensi ubaoni kwa watoto wasiojua kushika penseli. Aliyemwokoa ni msaidizi wake wa darasa, mama wa makamo aliyeitwa Noi, mwenyeji wa pale. Noi alimshika mkono, akamketisha sakafuni katikati ya watoto, akampa mpira. Kiingereza cha Noi hakikuzidi maneno thelathini, lakini kila asubuhi alimwonyesha jambo moja, naye Simaloi akalishika.

Wiki ya pili, akifundisha jina la ng'ombe, neno halikuingia. Basi akapiga mluzi na ukelele wa baba wa kurudisha ng'ombe bomani. Siku mbili nzima watoto walikwenda chooni na kwenye chakula wakipiga ukelele ule, hata mwalimu mkuu akaja kuuliza hicho ni Kiingereza cha wapi. Alinisimulia kwenye simu huku akicheka. Sikumsikia tena akicheka hivyo kutoka kule.

Wiki ya nne, Alhamisi tarehe 7 Juni, wazazi walikuwa waje mchana kutazama somo. Simaloi hakuwa amelala vizuri. Kulikuwa na binti mmoja ambaye kila siku alimsugua mkono kwa kitambaa kibichi, apate kuona kama rangi itatoka. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtoto. Asubuhi hiyo alisugua tena, darasa zima likacheka, na Simaloi akampiga kofi la uso.

Mama wa mtoto alipofika aliona alama za vidole. Mtoto alipoulizwa alijibu kwamba ni mwalimu, na pale watoto waliwaita wote wawili mwalimu, Simaloi na Noi. Mwalimu mkuu aliwaita ofisini. Noi alikuwa ameona kila kitu. Alimgeukia Simaloi, akamngoja aseme mwenyewe. Simaloi akasema alikuwa ameelekea ubaoni na hakuona kitu, ila mtoto alikuwa karibu na Noi.

Noi alifukuzwa siku ile ile, baada ya miaka kumi na moja ya kazi. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya kiti, akatoka.

Jioni yao, kwetu ikiwa mchana, Simaloi alinipigia nikiwa mnadani Kisongo. Alitaka kurudi ofisini kesho yake aseme ukweli. Nilimjibu hivi: "Nyamaza. Yule yuko kwao, atapata kazi nyingine. Wewe ukirudishwa, sisi tutatazamana vipi na watu?" Akanyamaza kwa sababu kaka yake alimwambia. Hilo ni langu.

Alimaliza mkataba, akarudi Machi 2019. Mlimpokea kwa shangwe, na vijana wakamwomba awaeleze jinsi alivyovumilia ugenini. Aliwaeleza. Aliniambia baadaye kwamba alipokuwa anazungumza, alitamani mtu mmoja asimame amuulize kama hayo ndiyo yote.

Januari 2020 alifungua darasa la chekechea Sokon One. Walimu wenzake mliopo hapa mnajua hakuruhusu mtoto aguswe kwa fimbo wala kofi. Mnajua pia kwamba mzazi akija na lawama, hakumwacha msaidizi ajibu; alitoka yeye. Labda hamkujua ni kwa nini.

Tarehe 12 Desemba 2020 alifunga ndoa na Bariki Ephraimu, fundi wa kuchomelea, Kijenge. Kabla ya kutangazwa kanisani alimweleza Bariki habari ya Noi. Bariki aliomba apewe siku tatu za kufikiri. Aliporudi alimwambia kwamba atamwoa, lakini aandike barua. Januari 2021 aliandika kwa mwalimu mkuu wa kule, akakiri kofi na uongo, akaomba jina la Noi lisafishwe. Baada ya wiki tano ilikuja barua pepe kutoka kwa binti wa Noi. Ilikuwa na sentensi moja: "Mama anasema amesikia." Simaloi aliisubiri ya pili, haikuja.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, akarudi darasani kwa muhula mmoja. Mwezi Julai mwaka huu ilirudi. Wiki mbili kabla ya kutuacha alinituma nilete kalamu, akanitajia tarehe moja moja.

"Kaka, usinipambe," alisema. "La Noi ulisome lote."

Nikamwambia nitaona aibu mbele za watu. Akasema, "Na mimi naiona. Wewe soma tu."

Tulipokaa kikao cha msiba, baadhi yetu tulitaka sehemu hiyo iondolewe, nami nikiwamo. Mama alitusikiliza wote, kisha akasema binti yake hakuwahi kumwomba jambo jingine lolote tangu augue, na hili atapewa.

Alifariki Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Ameacha mama, mume, mtoto mmoja, Abdiel, mwenye miaka minne, dada yake Nashipae, mimi Yiamat, na watoto ishirini na sita wa darasa lake, ambao kesho wanarudi shuleni.

Mungu aliyeyajua yake yote amlaze mahali pa amani.