Bonyeza Moja

Kwenye Kosta ya kutoka Tunduma, Rozi alikaa nyuma ya mama mtu mzima wa Hasamba na muuza mitumba mwenye kofia. Wawili hao hawakujuana, lakini kufika Mpemba walishaanza kubishana.

"Naishi peke yangu, simu ndiyo inanitunza," alisema mama. "Kila asubuhi inauliza kama nimechoma sindano ya sukari. Nikibonyeza moja, Raphaeli wangu kule Dodoma anajua mama yake yuko salama."

"Na leo umechoma?"

"Dawa imeisha tangu Jumapili. Tunduma nako, hospitalini, wameniambia nirudi wiki ijayo. Ila moja nimebonyeza."

"He! Mama, sasa unamdanganya nani?"

"Nikibonyeza mbili, anakuja kunichukua. Nikitoka tu, shemeji zangu wanaingia kwenye shamba langu la kahawa kabla vumbi la gari halijatua. Na baba yake Raphaeli amezikwa mlemle shambani. Nani atampalilia kaburi?"

"Lete hiyo simu nikubonyezee mbili mimi."

"Thubutu!" Akaitumbukiza kifuani.

"Utakufa, mama."

"Nitakuwa nimefia kwangu, baba."

Rozi alitaka kumuunga mkono mmoja wao, akashindwa kuchagua, akatazama dirishani kama abiria mwenye adabu.

Gari liliposimama Vwawa, mama aliteremka, akaaga vizuri, akaondoka. Ndipo Rozi alipoona ndala moja imebaki chini ya kiti. Huko nje mama alikuwa anakanyaga kokoto kwa mguu mtupu, wala hana habari, kama vile mguu hausikii kitu.