Mpini wa Kisima

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya karakana ya Cheche, mchomelea vyuma. Alasiri hujaa: Cheche mwenyewe, miwani ya kuchomelea ikiwa imekaa kwenye paji la uso, Ticha, anayefundisha fizikia sekondari, na Bingwa, fundi viatu ambaye anajua kila jambo, hata lile ambalo halijatokea. Muuza kahawa huketi pembeni na birika lake. Siku hiyo Seremala alikuja mbio, shati limechomoka nje ya suruali. Asubuhi, mkewe alikuwa akivuta ndoo kisimani, mpini wa kuzungushia gogo la kamba ukamponyoka, ukazunguka kinyumenyume na kumvunja mkono. Seremala alimwacha hospitali na dada yake kwenye foleni ya plasta, akaja kutafuta mtu wa kumkaba.

— Cheche! Mpini wa kisima umeukata wewe?

— Karibu kwanza, ndugu yangu. Pata kahawa...

— Kahawa kainyweshe mashine yako! Umeukata, hukuukata?

— Nimeukata. Kamati ya kisima wamejenga ukuta karibu mno, mpini ukawa unagonga. Wakaniambia kata, nikakata. Kosa langu liko wapi?

Seremala alimkwida shati. Bingwa akajipenyeza katikati.

— Jamani, tutumie akili! Wahenga walisema...

— Wahenga waache walale!

— Haya, basi. Mimi naona ni kamba. Kamba hizi za nailoni, ukizikunja sana zinakusanya hasira. Siku zikiamua kurudi, zinarudi na mtu.

— Kamba ina hasira? aliuliza muuza kahawa.

— Tena nyingi. Na maji ya siku hizi ni mazito, yanatoka chini kabisa, kwenye tumbo la dunia. Na dunia si inazunguka, Ticha? Sasa dunia inazungukia huku, mama wa watu anazungushia kule, unategemea nini?

— Bingwa, nyamaza, alisema Seremala polepole, na upole huo ndio uliotisha.

Ticha alichovya kidole kwenye kikombe chake, akachora duara kwenye ubao wa benchi.

— Hapa hakuna miujiza. Tukokotoe. Lile gogo linalokunja kamba, kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita kumi na tano. Ndoo ikijaa ina kilo ishirini. Nguvu ya kuzungusha unaipata kwa kuzidisha uzito na umbali kutoka katikati. Vitabu vinaiita momenti. Cheche, mpini wa zamani ulikuwa na urefu gani?

— Sentimita sitini. Nikaubakiza thelathini. Nimetoa nusu tu.

— Nusu tu! Haya, ishirini mara kumi na tano, mia tatu. Gawa kwa sitini: tano. Zamani alisukuma kama anayeinua kilo tano. Sasa gawa kwa thelathini.

— Kumi, alisema muuza kahawa.

— Kumi. Nguvu mara mbili, kila ndoo. Mkono ukichoka, ukiteleza, ndoo inaporomoka, gogo linazidi kuchanganya mwendo, na mpini ni chuma.

Duara lilianza kukauka. Seremala alilikodolea macho. Yeye mwenyewe, bolti ya mashine yake ikigoma, huchomeka bomba kwenye spana ili kuongeza urefu. Jambo hili mikono yake ilikuwa inalijua siku zote, ila hakuwahi kulifikiria kisimani. Hilo lilimchoma zaidi.

— Ticha, ukienda shuleni si unapita pale?

— Napita.

— Mpini uliuona?

— Niliuona.

— Ukakokotoa?

Ticha alifuta kidole chake kwenye suruali.

— Kichwani tu. Nikadhani kamati wameshafikiria.

— Ukadhani! Watoto wa watu unawagombeza kwa swali hilohilo ubaoni, halafu huku mtaani unalipita kama hulioni!

Seremala alipiga kikombe cha Ticha kwa kiganja, kahawa ikamwagikia Ticha mapajani. Ticha akaruka, Cheche akapaza sauti:

— Mbona mwenyekiti wa kamati humfuati? Ukuta ni wake!

— Nitamfuata! Nitawafuata mmoja mmoja!

Wakawa wanabwata wote kwa pamoja, hata hawakumwona mke wa Seremala. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka benchi, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni, dada yake amemshika kiuno.

— Mnagombania nini?

— Mke wangu, nenda ukapumzike. Nawamaliza hawa, nakuja.

— Nimewasikia tangu kule kwenye kona. Nina swali moja tu. Kati yenu, nani amewahi kuuzungusha ule mpini? Ukiwa mrefu au mfupi, nani?

Cheche aliinama akatafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Seremala alihisi ile hasira iliyomsukuma tangu asubuhi imekosa njia, ikamrudia mwenyewe kifuani.

— Nyumbani hakuna maji, alisema mkewe, akaendelea na safari yake, taratibu.

Seremala alikwenda kuchukua ndoo. Kisimani wanawake walimpisha, bila hata mmoja kucheka. Mizunguko ya mwanzo ilikuwa rahisi, kamba ikiwa bado imelegea. Ndoo ilipoacha maji, mpini ulimvuta bega. Vidole vyake vikakwaruzwa na ukuta, jasho likamwingia machoni, na ndoo ilikuwa bado haijafika nusu. Akaongeza mkono wa pili. Alitamani kumtukana mtu, akakosa wa kumtukana.

— Usiachie, shemeji, alisema mama mmoja. Ndoo ikikaribia juu ndipo mpini unapoponyoka.

Aliuma meno, akaifikisha ndoo, akaikamata. Alipogeuka aliwaona Cheche na Ticha nyuma ya foleni, hawajui wasimame wapi, Ticha suruali imelowa kahawa.

— Sogeeni, aliwaambia, sauti bado imejaa hasira. Mnamtekea kila mtu kwenye foleni hii. Tukimaliza tunakwenda kwa mwenyekiti kudai mpini mrefu, mikono ikiwa bado inatetemeka.