Mboga ya Mlangoni kwa Asio

Mwaka wa sabini na saba tulikuwa tunakaa benchi la mbele ya mkahawa wa Nerima, karibu na kizuizi cha mpakani Malaba. Asubuhi moja tulikuwa watatu: mimi, Callistus ajenti wa forodha tuliyemwita Stempu, na Omoding dereva wa lori, jina lake la utani Gia Tatu. Asio wa Amukura, muuza mboga, akapita na karai la mboga ngeni: mashina meupe, mapana kama vijiko, majani ya kijani kizito. Stempu akanunua fungu moja.

— Hii si sukuma, Stempu akasema. Na kabichi hujifunga.

— Ni mboga ya Wachina, Gia Tatu akajibu. Niliiona ng'ambo ya mpaka, kwa wale wanalima mpunga. Asio, umeitoa wapi?

— Naikuta mlangoni kila alfajiri. Imeoshwa.

Hatukucheka. Mume wake, Olinga, ndiye aliyekuwa akiwalimia Wachina hao bustani. Mwaka uliopita alichukuliwa barabarani Tororo, huko ng'ambo, na gari lisilo na namba, kama wengi wakati ule. Hakuonekana tena.

— Ni watu wa magendo wanaangusha, Stempu akasema.

— Magendo gani inaoshwa? Gia Tatu akasema. Olinga alitoroka, boss. Amejificha Bukhayo, upande wetu huu.

— Asio, mbwa wenu si angebweka? Stempu akauliza.

— Habweki, Asio akasema. Anatikisa mkia.

Nerima akachukua lile fungu, akauliza linapikwa vipi.

— Shina katakata, litangulie kwa kitunguu na mafuta. Majani mwisho, funika kidogo tu. Olinga alinifundisha hivyo.

Tulikula na ugali. Ilikuwa tamu, na Gia Tatu peke yake ndiye aliyeacha kutafuna.

— Na kama anayeleta hajui kwamba yeye mwenyewe alishakufa? akauliza.

— Nyamaza, mzee! Stempu akamkemea.

Mama mmoja aliyetoka kuvuka mpaka, Alupo, alisimama akatazama sahani.

— Hii mmeitoa wapi? Mimi nilikuwa nikiwapikia Wachina. Tangu Olinga achukuliwe, bustani ilikufa. Hata mbegu hakuna.

Tukamweleza yote. Akamgeukia Asio.

— Dada, mbona humfungulii?

Asio akapanga upya mafungu kwenye karai.

— Nasimama nyuma ya mlango kila siku. Namsikia anapumua. Lakini nikifungua, na si yeye?

Akajitwika karai lake, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata Asio alipita na sukuma wiki tupu; ile mboga ya Wachina haikuwamo. Alitusalimu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Tukajua amefungua. Mpaka leo hatujathubutu kumwuliza alimkuta nani.