Mlinzi wa Mafaili ya Kompyuta za Aina Tatu

Wafiwa wenzetu, majirani, na nyote mliotushika mkono tangu juzi, huyu tunayemsindikiza alizaliwa tarehe 9 Mei 1974 katika hospitali ya wilaya, binti pekee wa fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1988, sekondari mwaka 1993, kisha chuo cha kompyuta, ambako wenzake walimbandika jina la Mama Subiri kwa kuwa hakujua papara.

Tarehe 1 Februari 1998 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, ghorofa ya pili, penye kompyuta za aina tatu zisizoelewana, akaunda programu ya kulinda mafaili, ili waraka ukisahihishwa kwenye kompyuta yoyote, mtambo wa kuchapia ulio ghorofa ya chini uarifiwe na kuchapa ulio mpya.

Tarehe 16 Desemba 2000 alifunga ndoa na mwendesha mtambo huo, wakajaliwa binti mwaka 2002 na mwana mwaka 2006, na mama mkwe hakuacha kumtania, kwamba jamani mkwe wangu analipwa kwa kukodolea macho makaratasi yasiyoshikika.

Tarehe 7 Machi 2011 walichapa maelezo ya dawa ya kifua ya watoto, msahihishaji akapunguza vijiko viwili kuwa kimoja, lakini kompyuta yake haikubadilisha faili la zamani, ilitengeneza jingine, ikafuta lile na kulipatia jipya jina lile lile, programu ikabaki inalinda kilichokwisha kufutwa, kimya kabisa, na mtambo ukaanza kutoa vijiko viwili, mpaka mumewe alipotupia jicho nakala iliyosainiwa, yenye kijiko kimoja, iliyobandikwa ukutani, akazima, akapiga kelele, mama watoto, shuka haraka.

Hakumlaumu mtu, alisema kosa ni langu, nililinda faili badala ya folda nzima inayobeba mafaili yote, hata mapya, akalirekebisha, na kwa kuwa kompyuta za aina ya tatu hazikuweza kutoa taarifa zenyewe faili linapobadilika, akaiagiza programu iende yenyewe kukagua kila baada ya sekunde mbili.

Agosti 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kompyuta mapajani, akiandika maelekezo ya kazi yake, na mwenzake wa ofisini alipomsihi apumzike alijibu, dada, haya yote yako kichwani mwangu tu, nikiondoka nayo vijiko viwili vitapita tena na hakuna atakayejua kwa nini.

Tarehe 28 Mei 2024 mwenzake huyo aliyafuata maelekezo hayo mstari kwa mstari bila kumuuliza lolote, kompyuta za aina zote tatu zikauarifu mtambo, akapigiwa simu, akasema haya, sasa nimechoka, na tarehe 3 Juni, saa tano asubuhi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, majirani waliotupikia na kukaa na wanawe, na wafanyakazi wenzake, waliozima mtambo leo ili waje.

Mama Subiri, kazi yako wameipokea wanaoijua, pumzika kwa amani.